Seti kamili ya meno bandia juu ya fizi teketeke: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mgonjwa aliyevaa meno bandia ya juu kwa miaka mingi huja kliniki na lalamiko linalofanana na la wenzake: akifumba mdomo meno yanakaa, lakini akianza kutafuna au kucheka yanashuka. Mara nyingi amekwisha kutengenezewa seti mbili au tatu, na kila mara ameambiwa kwamba atazoea. Mvue meno hayo, kisha ubonyeze tuta la fizi la mbele kwa kitako cha kioo cha kinywani. Utaona nyama inageuka nyeupe, inalala upande kama ndewe ya sikio, na ukiiachia inarudi polepole mahali pake. Hiyo ndiyo fizi teketeke. Mfupa uliokuwa ndani yake umekwisha kuliwa, na nafasi yake imejazwa na nyama ya nyuzinyuzi isiyo na nguzo ya kuishika.

Hali hii si adimu. Inakadiriwa kuonekana hadi katika asilimia 24 ya mataya ya juu yasiyo na meno na asilimia 5 ya mataya ya chini, na mahali pake pa kawaida ni sehemu ya mbele. Mwaka 1972 daktari wa Marekani aitwaye Ellsworth Kelly alieleza kwa makini chanzo chake kikubwa: mtu amebakiwa na meno yake ya asili ya mbele katika taya la chini, juu amevaa seti kamili, na nguvu yote ya kung'ata inagonga sehemu ya mbele ya taya la juu siku zote. Mfupa wa mbele unaisha, vinundu vya nyuma vya taya la juu vinashuka na kunenepa, na meno ya chini nayo yanazidi kuchomoza. Asiyekiona chanzo hicho atatengeneza meno mazuri, na ndani ya miaka michache atakuwa ameyapoteza kwa sababu ileile.

Ugumu wote wa kazi hii uko katika jambo moja, na ningependa msomaji alishike kabla hajagusa trei, yaani kile kisahani kinachobeba nyenzo ya chapa kinywani. Nyama teketeke ikisukumwa wakati wa kuchukua chapa ya kinywa, yaani kile ambacho wengi tunakiita impresheni, modeli ya jasi itabeba umbo la nyama iliyosukumwa, na meno yatatengenezwa kulifuata umbo hilo. Mgonjwa akiyavaa, nyama inataka kurudi ilikokuwa, nayo inayasukuma meno yatoke. Kwa upande mwingine, kinywa chote kikichukuliwa bila mkandamizo hata kidogo, sehemu ngumu za kaakaa na za nyuma hazitabeba mzigo wakati wa kutafuna, na meno yatainamia mbele kwenye ile nyama laini hadi hewa iingie kwa nyuma. Kwa hiyo chapa moja inatakiwa ifanye kazi mbili: iishike sehemu ngumu kwa mkandamizo wa kawaida, na sehemu teketeke iikute ikiwa imetulia kama ilivyo mgonjwa anapokaa kimya.

Hatua ya kwanza: tuliza fizi kabla ya kupima chochote

Fizi iliyovimba au yenye wekundu wa fangasi haipimwi. Kagua kaakaa lote, kagua kingo za meno ya zamani, na mwulize mgonjwa bila kumwaibisha kama hulala nayo. Wazee wengi hulala nayo kwa sababu hawataki wajukuu wawaone bila meno, na jambo hilo linastahili kuzungumzwa kwa heshima. Mweleze kwamba fizi inahitaji usiku wake wa kupumzika. Palipo na fangasi, tibu kwa nistatini au dawa nyingine inayofaa, na uyasafishe meno yenyewe pia, kwa kuwa vijidudu hukaa ndani ya akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia, na kurudi kwenye fizi hata baada ya dawa.

Kisha rekebisha meno ya zamani. Punguza kingo zinazochoma, sawazisha mng'ato unaogonga mbele, na uyapake ndani nyenzo laini ya kutuliza fizi. Nyenzo hiyo hupoteza ulaini baada ya siku chache, kwa hiyo ibadilishe kila baada ya siku tatu au nne hadi wekundu na uvimbe viondoke. Siku ya kuchukua chapa ya mwisho, mgonjwa awe amekaa bila meno angalau saa 24, na ikiwezekana 48. Ni siku ngumu kwake, hivyo mpangie miadi ya asubuhi ya mapema na umwambie mapema asiwe na shughuli ya watu.

Wapo wanaouliza kwa nini nyama hiyo isikatwe tu. Upasuaji una nafasi yake, hasa pale kipande cha nyama kinapokuwa kirefu na chembamba mno, lakini ukiikata yote mahali ambapo mfupa umeisha, unabaki na taya bapa lisilo na tuta wala mfereji kati ya fizi na shavu, na meno yanapoteza hata ule ukuta mdogo uliokuwa ukiyazuia kuteleza. Vipandikizi vya chuma ndani ya mfupa ni suluhisho zuri kwa aliye na mfupa wa kutosha na uwezo wa kuvilipia. Kwa wagonjwa wengi tunaowaona, wazee wenye kisukari au shinikizo la damu na mfuko mdogo, njia ya kuchukua chapa kwa uangalifu ndiyo inayobaki, na ikifanywa vyema inawatosha.

Hatua ya pili: chapa ya awali na kuchora mpaka

Tumia aljineti, unga wa chapa unaochanganywa na maji, iliyochanganywa kuwa nyepesi kidogo kuliko kawaida, katika trei yenye nafasi, na usiikandamize. Kabla ya kuiweka, kausha fizi na uuchore mpaka wa sehemu teketeke kwa penseli ya kinywani. Usiuchore kwa macho peke yake; pita kwa kitako cha kioo au kifaa chenye ncha ya mviringo, ukibonyeza hatua kwa hatua, na mahali nyama inapoanza kunesa ndipo mstari wako upite. Mstari huo utahamia kwenye aljineti, na kutoka hapo kwenye modeli ya jasi. Mtaalamu wa maabara hamwoni mgonjwa, na mstari huu ndio macho yake.

Hatua ya tatu: trei yenye dirisha

Juu ya modeli hiyo maabara itengeneze trei ya akriliki inayolala karibu kabisa na sehemu ngumu, ambayo kingo zake zimeishia milimita mbili hivi kabla ya kina cha mfereji wa fizi. Mahali pote palipochorwa kuwa teketeke pakatwe dirisha, nalo lizidi mpaka kidogo kila upande, ili hata ukingo wa akriliki usiiguse nyama inayonesa. Mkono wa trei usiwekwe mbele kama ilivyo desturi, kwa sababu utaziba dirisha na kuusukuma mdomo wa juu. Uinuke kutoka katikati ya kaakaa. Nimeona trei nyingi zikirudishwa maabara kwa kosa hilo dogo la mkono, na safari ya kurudi huweza kumgharimu mgonjwa nauli ya siku nzima.

Hatua ya nne: chapa ya mwisho

Hapa ndipo pa kutulia. Mketishe mgonjwa wima, kichwa kikiwa kimeegemezwa, kwa sababu unataka nyama ikae kama inavyokaa katika maisha yake ya kila siku. Jaribu trei bila kitu chochote. Vuta shavu na mdomo taratibu. Trei ikiinuka, kuna ukingo mrefu au kigwe, yaani ule uzi wa nyama unaounganisha mdomo au shavu na fizi, kimebanwa, nawe upunguze.

Finyanga kingo kwa vijiti vya kompaundi ya kijani. Pasha kijiti kwenye mwali wa taa ya spiriti hadi kilainike, kipake kwenye sehemu fupi ya ukingo, kisha kichovye kwenye maji ya moto ili kisimwunguze mgonjwa, ndipo uingize. Mwambie avute mdomo kama anayefyonza mua, afungue kwa upana, asogeze taya kushoto na kulia. Fanya kipande kwa kipande, na usikimbilie kuzunguka taya zima kwa mkupuo mmoja, maana kompaundi ya upande wa pili itakuwa imeshapoa. Nyuma, tafuta mstari ambapo kaakaa laini linaanza kutikisika mgonjwa anapotamka “aa” kwa kifupi, uuchore, na trei iishie hapo. Kingo zikiwa sahihi, trei itaanza kushika hata ikiwa na dirisha wazi katikati ya sehemu ngumu na mdomo.

Sasa chukua chapa ya sehemu ngumu. Mpake mgonjwa vaselini kwenye midomo na pembe za kinywa, changanya dawa ya zinki oksidi na eujenoli hadi iwe rangi moja isiyo na mistari, itandaze kwa tabaka jembamba, na uisukume trei mahali pake kwa kidole kimoja kwenye kaakaa, kwa nguvu ya kawaida na bila kuitikisa. Dawa itatokeza kwenye dirisha. Usiifute ikiwa bado mbichi. Ikishakauka, toa trei, na kwa kisu kikali kata kila kilichoingia ndani ya dirisha hadi kingo ziwe safi. Rudisha trei kinywani na utazame kwa utulivu. Ile nyama ya mbele inatakiwa ionekane katikati ya dirisha ikiwa huru, yenye rangi yake ya kawaida. Ukiiona nyeupe popote, inabanwa, kata tena.

Trei ikiwa mahali pake, kausha ile nyama kwa pamba na uifunike kwa plasta ya chapa iliyochanganywa kuwa nyepesi, ukiipaka kwa brashi laini tabaka baada ya tabaka. Usiinamishe mkono wako juu yake, wala usiisukume plasta iingie mahali. Iache itiririke yenyewe. Funika kingo za dirisha pia ili plasta ishikane na trei. Ikishakaza, shusha vyote kwa pamoja, kwa mwendo mmoja wa taratibu.

Palipo na silikoni, kazi inakuwa safi zaidi: sehemu ngumu huchukuliwa kwa silikoni nzito kiasi, na dirisha hujazwa silikoni nyepesi ya jamii ileile kwa sirinji, baada ya kupaka trei gundi yake. Jihadhari na glavu za mpira wa asili, kwa kuwa salfa iliyomo huzuia baadhi ya silikoni kukaza, na utashangaa chapa inabaki ulimbo kwenye sehemu ulizogusa kwa vidole. Asiye na plasta ya chapa wala silikoni asikate tamaa. Anaweza kuagiza trei isiyo na dirisha, iliyotengenezwa juu ya tabaka moja la nta kwenye sehemu ngumu na mawili kwenye sehemu teketeke, kisha atoboe matundu mengi juu ya sehemu hiyo laini ili nyenzo ipate pa kutokea badala ya kuisukuma nyama. Matokeo yake si mazuri kama ya dirisha, lakini ni bora mbali kuliko trei ya kawaida iliyojazwa na kukandamizwa.

Kabla ya kumwaga jasi, maabara izungushie chapa ukuta wa nta ili kingo ulizozifinyanga zisipotee. Plasta ipakwe sabuni au dawa ya kutenganisha, la sivyo jasi na plasta vitashikana kuwa jiwe moja na kazi yote itakuwa bure.

Hatua ya tano: jaribu msingi kabla ya kupanga meno

Desturi ya wengi ni kupima mng'ato juu ya msingi, yaani bamba litakalobeba meno, wa muda wa nta au shelaki. Kwa mgonjwa huyu nashauri msingi wenyewe upikwe kwanza kwa akriliki ya kudumu, pamoja na ule mkwaruzo wa nyuma unaoziba hewa, ambao huchimbwa kwenye modeli kwa kina cha milimita moja hadi moja na nusu pembeni na pungufu yake katikati. Faida yake ni kubwa: siku ya kupima mng'ato unajua papo hapo kama msingi unashika. Uuweke kinywani, uvute mbele kwa kidole nyuma ya mahali pa meno ya mbele, na usikilize. Ukisikia unavyong'ang'ania, chapa yako ni njema. Ukishuka, rudia chapa sasa, kabla mgonjwa hajalipia meno. Meno yakishapangwa, awamu ya pili ya kupika ifanywe kwa joto dogo na muda mrefu ili msingi usipinde.

Wakati wa kupima, juu ya msingi huwa kuna ukuta wa nta unaoshika nafasi ya meno; upunguze sehemu ya mbele hadi usikutane kabisa na wa chini. Nyenzo ya kurekodi mng'ato iwe laini sana, na mgonjwa afunge bila kukaza, taya likiwa limerudi nyuma linapotulia. Acha milimita mbili hadi nne kati ya meno ya juu na ya chini mgonjwa anapopumzika. Kimo kikizidi, meno yatagongana siku nzima na mfupa utaendelea kuliwa. Mwombe ahesabu kutoka sitini hadi sabini na saba: sauti za “s” zitakuonyesha kama kuta zinagongana, na akisema “fedha” na “vifaa” utaona ukingo wa meno ya juu unavyogusa mdomo wa chini.

Hatua ya sita: meno yakutane nyuma

Meno ya mbele yasigusane kabisa wakati ya nyuma yamefungwa. Acha nafasi ya milimita moja au mbili kati yake, na ya juu yasiyafunike ya chini sana. Akisogeza taya mbele, mguso wa mbele uwe mwepesi na uambatane na mguso wa nyuma pande zote mbili. Chagua magego membamba, uyapange juu ya katikati ya tuta, na usipange jino lolote mahali ambapo tuta la chini linaanza kupanda kuelekea nyuma, kwa sababu hapo kila mng'ato utaisukuma seti ya chini iteleze mbele.

Kama mgonjwa bado ana meno yake ya chini ya mbele, kazi haijakamilika bila meno bandia ya nusu kwa ajili ya nyuma. Wengi huyakataa kwa kuwa hayaonekani wakati wa kucheka. Mweleze kwa uvumilivu kwamba hayo ndiyo yatakayolinda ya juu, na upunguze ncha za meno ya asili yaliyochomoza.

Taya la chini lina sura yake. Huko nyama teketeke mara nyingi huwa kamba nyembamba juu ya tuta, inayouma ikibanwa. Dirisha huwa mfereji mwembamba kufuata kamba hiyo, na mzigo hupelekwa kwenye rafu pana ya mfupa iliyo upande wa shavu, nje ya magego, ambayo huvumilia kutafuna vizuri.

Hatua ya saba: kupika, kukabidhi na kufuatilia

Akriliki ichanganywe kwa uwiano wa unga sehemu tatu na maji yake sehemu moja kwa ujazo, ipikwe katika maji ya nyuzi 74 za Selsiasi kwa saa nane hivi, na iachwe ipoe polepole ndani ya maji yaleyale. Anayetoa flaski, kile kikasha cha chuma cha kupikia, ikiwa ya moto na kuimwagia maji ya bomba anapinda kazi ya wiki tatu kwa dakika moja. Meno yakae ndani ya maji angalau siku nzima kabla ya kukabidhiwa.

Siku ya kukabidhi, paka ndani krimu ya kuonyesha mkandamizo na uangalie sehemu teketeke kwa jicho la pekee. Inapofutika hapo, punguza akriliki kidogo. Kisha chukua rekodi mpya ya mng'ato na urudishe meno kwenye kifaa cha kuigiza taya ili usawazishe migongano huko. Karatasi ya kaboni kinywani hudanganya kwa mgonjwa wa namna hii, kwa sababu meno yanazama na nyama na alama zinaonekana sawa wakati si sawa.

Nakumbuka bibi mmoja aliyekuja na mwanawe. Nilipomvalisha seti aliyotengenezewa kwa dirisha, alinyamaza kidogo, akacheka kwa kufunika mdomo kama alivyozoea, kisha akaushusha mkono taratibu. “Daktari, hayajashuka,” akasema. Hata hivyo nilimwomba arudi kesho yake, kama ninavyomwomba kila mmoja, kwa sababu kidonda kidogo kinachoonekana baada ya saa 24 hurekebishwa kwa dakika tano, na kikiachwa wiki nzima humfanya mtu ayaweke meno kabatini.

Kwa wiki mbili za kwanza ale ugali laini, wali, ndizi zilizopikwa na samaki, vikikatwa vipande vidogo na kutafunwa pande zote mbili kwa pamoja. Mua, mahindi ya kuchoma na nyama ya kung'ofoa kwa meno ya mbele aviache, na si kwa wiki mbili tu. Ayatoe kila usiku na kuyaweka kwenye maji safi. Arudi baada ya wiki moja, kisha kila mwaka, kwa kuwa mfupa unaendelea kupungua hata chini ya meno mazuri.

Siku meno yatakapoanza kulegea tena, usiyajaze akriliki mpya ndani na kumwambia ang'ate, kwa maana utaisukuma upya ile nyama uliyoilinda kwa taabu. Kwangua akriliki iliyo juu ya sehemu teketeke, toboa matundu hapo, tumia nyenzo nyepesi, na uyashike meno kwa kidole kwenye kaakaa, mdomo ukiwa wazi, hadi nyenzo ikaze.